Chumba Kisichopigwa Picha

Watu hudhani nyumba ya vitisho ni lazima ifunguliwe usiku. Yetu ilifunguliwa Jumamosi mchana, na labda ndiyo sababu iliwapata watu vizuri. Mtu anatoka kwenye jua kali la Kisumu, soda bado mkononi, anainama kupita mlango wa mabati, na hatua chache mbele haoni hata kidole chake. Akitokea upande wa pili anafinya macho kwa ule mwanga, anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, kisha anatafuta mtu wa kumsimulia.

Lilikuwa ghala la zamani karibu na reli, limekaa tupu hata mwenyewe amechoka kulitafutia mpangaji. Tulilikodi wawili, mimi na rafiki yangu. Yeye na mimi tulikuwa tumetembea pamoja miaka mingi na kikundi cha maigizo, tukiwaigizia wanafunzi wa sekondari vitabu vyao vya fasihi. Leo Sondu, kesho Awasi, tunalala kwenye mabweni na kubadilishia nguo kwenye maabara, kati ya vyura waliohifadhiwa kwenye chupa. Shule zilipoacha kutuita, wenzetu walirudi kwenye biashara na mashamba. Sisi hatukujua kazi nyingine.

"Watu wa hapa Jumapili wanaenda kanisani," aliniambia siku moja, "lakini Jumamosi wanataka kuogopeshwa kidogo."

Basi tukaziba matundu ya paa kwa magunia, tukagawanya ghala kwa mbao na mapazia. Chumba cha kwanza kilikuwa bweni, na kitanda kimoja blanketi lake lilipumua. Kilichofuata kilikuwa njia nyembamba yenye magunia mabichi yanayoning'inia, yananuka ziwa, yanakugusa shingoni. Vijana tuliowahi kuigiza nao walikuja kutusaidia. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho. Nilikaa chini nimewapa watu mgongo, leso mabegani, mbele yangu beseni la kuogeshea mtoto. Beseni lilikuwa tupu. Mtu akifika katikati ya chumba, nilianza kulia.

Kile kilio sikukitunga. Tulikuwa tunafanya mazoezi, mchana, milango iko wazi, na rafiki yangu akaniambia, "Jaribu kulia kama mtu aliyetafuta akakosa." Nikafungua mdomo, ikatoka sauti niliyoijua. Aliijua pia. Aliweka chini nyundo aliyokuwa nayo, akaja akaketi sakafuni karibu nami.

Miaka michache kabla ya hapo nilijifungua mtoto wa kike, ametimia miezi yake yote, na hakulia. Mume wangu alikuwa kazini Sondu, kwenye ujenzi wa barabara, na alipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Aliyekuwa kando ya kitanda changu ni huyu rafiki. Yeye ndiye aliyempokea mtoto kutoka kwa mkunga, akamfunga leso vizuri, akanikabidhi. Yeye ndiye aliyesikia sauti iliyonitoka. Mume wangu aliponikuta nilikuwa nimenyamaza, na nyumbani kwetu tukaendelea kunyamaza. Hatukugombana. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya kazi, juu ya mbuzi wa mama yake kule Awasi. Mtoto hatukumtaja.

"Tukiache hiki chumba," rafiki yangu alisema siku ile ya mazoezi. "Tutaweka kitu kingine."

"Hapana," nikamwambia. "Wacha."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Sawa. Lakini hapa ndani hakuna mtu atapiga picha. Hata mmoja. Hata mimi mwenyewe."

Na kweli akalisimamia. Wiki za mwanzo kijana mmoja alimrekodi mteja mwingine kwenye njia ya magunia, muuguzi mzima, akipiga mayowe na kumwita mama yake. Ile video ikafika kazini kwake. Alirudi kwetu na hasira yake yote, na rafiki yangu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, akamtafuta yule kijana mpaka akaifuta. Tangu siku hiyo simu zote zilibaki mlangoni kwenye kikapu. Alikuwa anasimama pale na sauti yake ya jukwaani:

"Wageni wetu, mnaingia na roho zenu tu! Simu inabaki kwangu. Mwenzako akiogopa, hofu ni yake, si yako kuitembeza mjini. Ukitaka picha, tutakupiga hapa nje ukishatoka, ukiwa umekubali mwenyewe."

Watu walicheka wakatoa simu. Hata waandishi wa habari waliokuja mara moja moja aliwaambia hivyo hivyo. Nilijivunia kuwa mwenzake. Mle ndani, gizani, mbele ya watu wasionijua, nililia vile nilivyoshindwa kulia kwangu. Jioni nilinawa rangi usoni, nikanywa chai, nikajihisi mwepesi. Mume wangu alikuwa akija kunichukua na pikipiki yake, ananingoja chini ya kivuli cha ukuta, na njiani ananiuliza kama watu walikuwa wengi.

Baadaye wakaanza kupungua. Waliokuwa wanataka kuingia walikuwa wameshaingia, na nyumba ya vitisho ukiijua haikutishi tena. Rafiki yangu akawa anakaa mlangoni muda mrefu bila kuita mtu. Ndipo akaniambia kwamba kuna chaneli ya mtandaoni inataka kuja kutengeneza kipindi juu yetu.

"Na chumba cha mwisho?" nikamuuliza.

"Nimewaambia. Wanajua."

Kabla hawajafika, nilikuta kitu cheupe cha mviringo kimebandikwa darini pale juu ya beseni langu. Aliniambia ni kifaa cha kutambua moshi, kwamba siku hizi watu wa zimamoto wanakitaka. Nilimtania kwamba chumba changu hakina hata kiberiti, taa za mafuta ziko bwenini na huko hakuna kifaa. Akacheka. "Kingine kitakuja," akasema.

Watu wa chaneli walikuwa na adabu. Walinikuta nje napakwa rangi, wakaniuliza kama wanaweza kunirekodi. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama naogopa giza, nikawajibu naogopa mende. Walirekodi mlango, reli, korongo waliotua juu ya paa, vijana wetu wakijifunga matambara. Mimi nikaingia chumbani kwangu, nikakaa, nikafanya kazi yangu kama Jumamosi nyingine yoyote. Siku ile nakumbuka nililia sana. Mke na mume waliingia wameshikana mikono, na yule mwanamke akasimama nyuma yangu, akakataa kuondoka, mpaka mumewe akamvuta.

Kipindi nilikisikia kabla ya kukiona. Nilikuwa saluni, nasukwa, kichwa nusu kimekamilika na nusu kimesimama, msusi amenibana kati ya magoti yake. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alikuwa anaangalia simu. Nikasikia kilio. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu barabarani, na mwili wangu ukataka kuinuka kwenda kumsaidia. Halafu nikajua.

"Maskini, kumbe haigizi," yule mama akamwambia msusi. "Eti huyu kweli alipoteza mtoto. Sikia."

Ikafuata sauti ya rafiki yangu, ile sauti nzuri ya jukwaani, lakini ameishusha, anaongea pole pole. Akasema alikuwa nami hospitalini. Akasema mtoto alikuwa wa kike na ametimia. Akasema, "Kile kilio mlichosikia ndicho nilichosikia siku ile wodini. Ndicho anachokileta hapa kila Jumamosi."

Mikono ya msusi ikasimama kichwani mwangu. Yule mama akageuza simu ili msusi aone vizuri, akaona uso wangu kwenye simu, akainua macho akaniona mimi. Kwenye simu nilionekana kutoka juu, mdogo, nimeinamia beseni, rangi yote ni ya kijivu kwa ile kamera inayoona gizani. Sikuwahi kujua kwamba huwa najishika tumbo.

Niliondoka na nywele zile zile. Msusi alinifuata na kitambaa, akanifunga kichwa mlangoni kama mtu anayemfunga mtoto wake, akarudi ndani.

Rafiki yangu nilimkuta ghalani, anafagia. Alipoona kitambaa na uso wangu, akauegemeza ufagio ukutani taratibu.

"Umeona," akasema.

"Kile kifaa hakikuwa cha moshi."

"Hakikuwa."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi ndiyo sababu." Akaketi kwenye kitanda cha bwenini, kile kinachopumua, akajifunika uso kwa viganja. "Tulikuwa tunafunga, dada. Ulitaka nifanye nini? Wale watu walikuja wakaona mifupa na matambara, wakaniambia hivi viko kila mahali. Wakauliza ni nini kiko kwetu ambacho hakipo kwingine. Nikafikiria."

"Ukanifikiria mimi."

"Nilisema mambo yetu."

"Yetu?"

Akainua kichwa. Alikuwa analia kweli, nami nimemwona akilia jukwaani mara nyingi, najua tofauti. "Na mimi nilikuwa pale! Wewe ulikuwa umelala, mimi ndiye nilimbeba. Mimi ndiye nilimfunga. Mpaka leo nikishika leso mpya naona vidole vyake. Hayo nayo ni yako peke yako?"

Hata sasa nikilifikiria lile swali linaniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa na sehemu yake katika siku ile, na sehemu hiyo angekuja kuniomba ningempa, tungekaa chini tukaizungumza hata kutwa nzima. Lakini yeye aliichukua yake na yangu pamoja, akaenda kuwapa watu niliowaambia naogopa mende.

"Ulisema hata wewe mwenyewe hutapiga picha," nikamwambia.

"Najua nilivyosema."

Nikaokota leso yangu chumba cha mwisho. Beseni nililiacha.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi sebuleni na viatu vya kazi bado miguuni. Wenzake walikuwa wamemwonyesha wakati wa chakula. Nilitegemea aseme juu ya aibu, juu ya watu wa kwao, na nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Hakuyataja.

"Nilikuwa nakungoja pale nje," akasema. "Kila Jumamosi, pale ukutani. Nasikia huko ndani mtu analia, nasema leo wameigiza vizuri. Ulikuwa unamlilia mtoto wetu?"

"Ndiyo."

"Na yeye alijua."

"Alijua kwa sababu alikuwepo siku ile."

"Mimi nilikuwa njiani nakuja," akasema. Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, akazifungua zote mbili, akakaa vile vile bila kuvivua.

Kesho yake tulienda pamoja kwenye ofisi ya ile chaneli, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Alitupokea mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akatuletea maji. Nilimwambia nataka ile video itolewe.

"Pole sana, dada," akasema. "Lakini sisi tuliomba idhini kwa mwenye mahali, naye alitupa. Alisema waigizaji wote wako chini yake na wamekubali."

Hapo nikakumbuka kwamba biashara ilisajiliwa kwa jina la rafiki yangu peke yake, kwa kuwa wakati ule kitambulisho changu kilikuwa kimepotea na hatukutaka kungoja kipya. Tulicheka siku hiyo, akaniita mfanyakazi wake.

"Mimi sikukubali," nikasema.

"Sisi tungejuaje?"

"Mngeniuliza. Pale nje napakwa rangi mliniuliza. Mtu anayejua kuuliza nje anashindwaje kuuliza ndani?"

Akazungusha kikombe chake mezani. "Ya ndani tuliambiwa usijue, ndiyo itoke vizuri."

Mume wangu alisimama akaenda dirishani. Yule mwanamke akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba picha ni mali ya aliyeirekodi, kwamba sauti yangu ilivyo kwenye kipindi ni mali ya chaneli, kwamba wangeweza kunisaidia kwa kuficha uso na kuikata ile sehemu ya hospitali. Lakini wengine walikuwa wameshachukua vipande wakavirusha kwenye kurasa zao, na kwa hivyo hawakuwa na la kufanya. Kuna aliyeweka kilio changu juu ya video ya paka.

"Au," akasema, akasogea mbele kidogo, "uje wewe mwenyewe uongee. Tukupe kipindi kizima. Kina mama wengi wamepitia haya, utawasaidia sana."

Nilimwangalia nikaona anaamini anachosema. Nikamshukuru kwa maji, tukateremka ngazi. Uso waliuficha siku chache baadaye, na maneno ya rafiki yangu waliyakata. Kilio walikiacha.

Mama mkwe alituita Awasi mwisho wa wiki. Nilikwenda na moyo mzito, kwa sababu akina mama wa kanisani kwake wana simu nzuri kuliko yangu. Alitupikia nyoyo, mahindi na maharagwe, akangoja tushibe, ndipo akamtuma mume wangu nje kufunga mbuzi. Mume wangu alifika mlangoni, akageuka, akasema atakaa.

"Nyathina," mama akaniambia, mtoto wangu, "walikuja kunionyesha hapa. Niliwaambia wazime. Kama ni habari ya mjukuu wangu, nitaisikia kwa mamake."

Akaondoa sahani zilizokuwa kati yetu.

"Alifanana na nani?"

Tangu siku ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia alikuwa na paji la uso la mume wangu, na masikio yangu, na nywele nyingi. Nikamwambia alikuwa mzito, mzito kuliko nilivyotarajia. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya fremu. Alikuwa anasikia habari za masikio ya binti yake kwa mara ya kwanza. Tuliongea mpaka mbuzi wakaanza kulia kwa kusahauliwa, na mama akatoka kuwafunga mwenyewe.

Sikurudi ghalani. Nyumba ilijaa watu baada ya kile kipindi, nikasikia wanapanga foleni mpaka relini. Rafiki yangu alimpata msichana mwingine wa kukaa kwenye beseni. Kijana mmoja wa kikundi, aliyenihurumia, alikuja kuniambia kwamba msichana huyo hufundishwa kilio kutoka kwenye simu, anakisikiliza kwanza kisha anakirudia. Aliniambia akidhani nitafurahi kujua kilio chake hakikaribii changu. Nilimwomba asiniletee tena habari za huko.

Rafiki yangu tulikutana naye mara moja tu, kule Kisian, kwenye mazishi ya mzee aliyetufundisha wote wawili kusimama jukwaani. Wenye msiba walikuwa wameajiri mpiga video, kama ilivyo kawaida siku hizi, ili walio ng'ambo wafuatilie moja kwa moja. Alikuwa anapita kati ya viti na kamera yake begani, anawakaribia watu nyusoni wakati wanalia. Mimi nilikuwa nalia. Yule mzee alinipenda.

Kabla kamera haijanifikia, mtu akasimama mbele yangu. Nilimjua kwa mgongo. Aliinua mkono, akaziba kioo cha kamera kwa kiganja.

"Huyu hapana," akamwambia mpiga video kwa ile sauti ya mlangoni. "Huyu hapigwi bila ruhusa yake."

Watu wakageuka. Mpiga video akashtuka, akaanza kuomba radhi. Na mimi, badala ya kushukuru, nikapandwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ile ya saluni. Nilisimama, nikausogeza mkono wake pembeni. Haukuwa mzito.

"Piga tu, kijana wangu," nikasema. "Nimekuja kumzika mwalimu wangu. Wa ng'ambo wakitaka kuona ninavyomlilia, waone."

Kamera ikabaki kwangu kwa muda, kisha ikaendelea na safari yake. Rafiki yangu alikuwa bado amesimama pale, mikono imeshuka, hajui aiweke wapi.

"Nisamehe," akasema, chini chini.

"Nimekusikia," nikamjibu.

Akangoja niongeze neno. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba, watu wanasimama kuelekea kaburini, na mume wangu alikuwa ananishikia nafasi kwenye mstari. Nikajifunga leso vizuri, nikaenda kusimama naye.